Harusi Isiyo na Umati

Jumamosi ya tarehe 19 Mei 2018, saa nane mchana, tulikuwa wanawake na watoto kumi na kitu mbele ya televisheni moja, sebuleni kwa shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Wete. Ramadhani ndio kwanza imeingia. Mvua ya masika ilikuwa inapiga bati mpaka sauti ya televisheni tukaipata vipande vipande. Huko Windsor, Uingereza, jua linawaka, Prince Harry anamuoa Meghan Markle, na watangazaji hawachoki kuisifu hali ya hewa. Kila baada ya dakika chache walilitaja neno lao, spring.

Nilikuwa kidato cha tano, kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Shangazi akaniuliza hiyo spring ndio kitu gani.

"Majira ya machipuko, shangazi."

"Machipuko ya nini?"

"Ya miti. Ya maua."

Akatazama nje, ambako hata vijiti vya ua tulivyovikata kavu mwezi wa Februari vilikuwa vimeota majani. "Kwani siku nyengine huko kwao havichipui?"

Sikuwa na jibu. Bibi, aliyekuwa kajilaza kwenye mkeka akidai kwamba macho yake nayo yamefunga saumu, alifumbua jicho moja na kuuliza swali ambalo lilinipita siku ile na limenirudia mara nyingi baadaye. Kamera ilikuwa imemuonesha Doria Ragland, mama wa bi harusi, amevaa kijani cha kupauka, amekaa kanisani na hakuna jamaa yake yeyote pembeni. "Huyu mama kaja peke yake? Harusi ya mwanawe?"

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa mlangoni akichuma mchicha, hakusema neno. Nilidhani hasikilizi.

Nayaeleza haya kwa sababu sasa nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na kwa miezi minane nimekuwa na kitabu kimoja mkononi: kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete. Alikichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, na mimi nakisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Nilianza nikitafuta mambo ya kasri, lugha na elimu ya wanawake. Nimeishia kutafuta kitu kimoja tu ndani yake, yaani harusi ya mwandishi mwenyewe, na watu waliohudhuria.

Wasomaji wa kitabu hiki kwa kawaida hugawika makundi mawili. Wa kwanza hukisoma kama hadithi ya mapenzi: binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, anapendana na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, na anatoroka naye. Wa pili hukisoma kama utetezi: mwanamke wa Kiarabu, mjane, yuko Ujerumani, anawajibu Wazungu wanaodhani wanawake wa Mashariki ni watumwa wa waume zao. Masomo yote mawili yana ukweli. Lakini yote mawili yanapita haraka mahali ambapo msomaji aliyekulia Pemba lazima asimame. Sisi tukiambiwa fulani kaolewa, swali letu la pili, baada ya "nani kamuoa", ni "nani kahudhuria".

Salme anazijua harusi. Anaeleza jinsi posa inavyopelekwa, jinsi wanawake wanavyochunguzana kwa niaba ya wanaume, na jinsi bi harusi anavyowekwa chumba cha giza siku nane bila mapambo, ili siku yenyewe uzuri wake uonekane mara mbili. Anaeleza vikongwe na waliomlea wanavyomiminika kumtembelea msichana huyo, kila mmoja akitarajia zawadi. Niliposoma kurasa hizo nilicheka peke yangu maktaba. Chumba cha giza nakijua. Binamu zangu wamekaa humo, wakisingwa kwa liwa, wakifundwa na kungwi, huku vizee vinaingia mmoja mmoja na kila mmoja ana lake la kusema na mkono wake uko wazi. Kati ya kasri la Unguja la miaka ya 1850 na nyumba ya udongo ya Wete kuna umbali mkubwa wa mali, lakini chumba ni kile kile.

Kisha msomaji anafika kwenye ndoa yake mwenyewe, na kalamu iliyokuwa haiishi maneno inakauka. Agosti 1866 alipanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Huko alikaa miezi tisa akimsubiri Ruete amalize shughuli zake Unguja, akihifadhiwa na mke na mume wa Kispania aliowajua tangu nyumbani. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa katika kanisa la Waingereza, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafungishwa ndoa. Wakaondoka kwenda Hamburg. Yote hayo, ubatizo, jina, ndoa na safari, kitabuni ni sentensi chache tu. Hakuna hina, hakuna udi, hakuna kizee anayenyoosha mkono. Aliyetuorodheshea vito vya ndugu zake kimoja kimoja hatuambii hata alivaa nini.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga. Alisema ukimya huo ni haya tu, na ni hesabu. Salme alikuwa mjamzito alipotoroka, jambo ambalo kitabu kinalificha, na alianza kukiandika kwa ajili ya watoto wake. Angeweza kueleza nini? Ni hoja nzuri, na ingetosha kama ukimya ungehusu mimba peke yake. Lakini haya haimzuii mtu kueleza chakula, wala nguo, wala hali ya hewa. Mwandishi huyu anapoficha jambo hufunika kwa maneno mengi. Kwenye harusi yake hafuniki. Hapana kitu cha kufunika, kwa kuwa harusi, kama yeye alivyofundishwa harusi ni nini, haikuwepo. Palikuwa na ndoa. Waswahili tunazitenganisha hizi mbili: ndoa huhitaji walii, mashahidi na mahari, na harusi huhitaji watu.

Hapa ndipo ninapomuonea huruma, na hapa pia ndipo ninapogombana naye. Maana inabidi tuulize umati wa harusi za kasri ulikuwa wa kina nani. Nani aliwasha majiko? Nani alichota maji, akapepea, akakesha akipiga ngoma uani? Salme anawataja, lakini kama mtu anavyotaja samani za nyumba aliyoipenda. Katika sura yake kuhusu utumwa anautetea utumwa wa Waarabu, anawaonya Wazungu wasiufute kwa haraka, na anaandika kuhusu uvivu wa watu weusi kwa uhakika ambao leo unatia kichefuchefu. Mashamba aliyoyarithi hayakujilima. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, akiwa tayari Ujerumani, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo, baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa sehemu kubwa, kisiwa chetu ndicho kilichobeba mzigo wa karafuu za dunia. Walioubeba kwa mikono ni babu na bibi za watu ninaowajua. Kwao harusi ya kifalme ilikuwa siku ya kazi zaidi.

Pemba tuna kumbukumbu yetu ya wafalme, na haina shela wala farasi. Pujini, upande wa mashariki wa Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya mtawala ambaye hadithi humwita Mkama Ndume. Jina lenyewe linatosha: mtu anayekamua wanaume. Wanasimulia kwamba watu walibebeshwa mawe ya ngome hiyo huku wakijikokota kwa makalio. Wanasimulia pia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta ndani ya kisima ili wakienda kuteka maji wasionane. Nilipelekwa pale na skuli nikiwa darasa la sita, na nikaona kwamba hadithi hii imehifadhi mawe, maji na wivu, na imeisahau kabisa siku ya harusi. Hakuna anayesimulia nani alialikwa. Waliosimulia ni kizazi cha waliobeba mawe, nao walichagua wenyewe cha kukumbuka.

Kwa hiyo kitabu cha Salme nakisoma nikiwa na hadithi ya Pujini pembeni. Kimoja kinatoka dirishani juu, kingine kinatoka chini ya ngome. Bila cha pili, cha kwanza hunilevya.

Nirudi kwenye swali la shangazi, kwa sababu kitabu hiki kinalijibu vizuri kuliko nilivyolijibu mimi. Salme anaeleza kwamba huko Kaskazini waliwahi kumuuliza, kwenye karamu, vipi watu wa kwao wanaweza kuishi bila kufanya kazi. Jibu lake ni baridi. Mtu wa Kaskazini, anasema, maisha yake yote huyapanga kwa kuiogopa baridi: ajenge hivi, ahifadhi vile, anunue kuni, ashone nguo nzito. Mtu wa Kusini hana adui huyo. Mtu aweza kuyabeza mawazo haya, hasa akikumbuka kwamba mtu wa Kusini anayemsema yeye alikuwa na watumwa wa kumfanyia kazi. Lakini ndani yake nimepata maana ya neno lile la televisheni. Machipuko si majani. Majani hata sisi tunayo, tena mwaka mzima. Machipuko ni nafuu baada ya hofu. Ndiyo maana wale watu wa Windsor walikuwa wamekaa kwenye nyasi, nyuso zao juani, wakifurahia jambo ambalo sisi tungeliita jua kali tu.

Sisi tuna nafuu yetu pia, ila haiji na maua. Masika ikiisha kinaingia kipupwe, kusi inavuma, bahari inachafuka. Kisha, kuanzia Agosti hivi kuelekea Novemba, upepo unalegea, na wazee huyaita majira hayo demani. Vyombo vinatoka. Na huo huwa wakati wa karafuu. Kama ningerudishwa sebuleni siku ile ningemwambia shangazi: spring ni demani yao.

Lakini kuna tofauti moja, nayo inanisumbua. Karafuu ni tumba la ua. Thamani yake yote iko kabla halijachanua; likishafunguka, mnunuzi halitaki. Kisiwa kizima kinapanda mitini kuyawahi maua yasije yakachanua, kinayachambua usiku kuyatenga na makonyo, kinayaanika juani mpaka yawe ya kahawia, kisha kinayapeleka Shirika la Biashara la Taifa. Harusi zetu hufuata pesa hiyo. Mwaka wa karafuu nyingi, kadi za mwaliko huja tatu kwa wiki, na mtu mmoja aweza kula pilau nyumba mbili mchana mmoja. Kwa maneno mengine, umati wa harusi zetu unalipiwa na maua yaliyozuiwa kuwa maua. Shela la Meghan Markle, nilikuja kusoma baadaye, lilikuwa na urefu wa mita tano na lilitariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola. Tanzania iliwakilishwa na ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni misitu ya milima ya Usambara, ng'ambo ya pili ya bahari yetu. Ni ua zuri. Ila kama wangetaka kutuwakilisha sisi wa Pemba, ingebidi watarizi kitu kilichofumba.

Watu wa kawaida 2,640 walialikwa siku ile kuingia viwanja vya kasri la Windsor, na wageni 600 ndani ya kanisa. Takwimu hizo ziliponifikia nilishangaa kwamba umati unaweza kuhesabiwa na kupewa barua. Kwetu mwaliko ni adabu tu. Asiyealikwa naye huja, na asiyekuja ndiye anayehesabiwa. Atatajwa jina lake, siku ile na miaka kumi baadaye.

Dada yangu aliolewa mwaka 2019, bara, bomani, na mtu asiyekuwa wa dini yetu. Mashahidi walikuwa wawili, wote wafanyakazi wenzake. Sisi hakuhudhuria hata mmoja. Hakuna aliyegomba. Hakuna aliyemfukuza. Mama alipopata habari aliendelea kupepeta mchele, na tangu siku hiyo alizungumza na dada kwa simu kuhusu afya, bei ya vitu na mvua, kama anavyozungumza na jirani aliyehama. Neno harusi halikutajwa. Nilipofika kwenye zile sentensi chache za Aden, tarehe 30 Mei 1867, nilifunga kitabu nikaenda kutembea. Mkahakiki mwangalifu hapaswi kumpachika dada yake juu ya matini. Nalijua hilo, msimamizi wangu ameshaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu. Lakini bila dada yangu nisingeziona sentensi zile. Ningezipita kama wengine, nikikimbilia Hamburg.

Na nisingeiona sura ya mwisho. Mwaka 1885, miaka kumi na tisa baada ya kutoroka, Salme alirudi Unguja. Rudolph alikuwa amekufa tangu 1870 kwa ajali ya tramu, akimuacha na watoto watatu wadogo. Alirudi ndani ya meli ya Kijerumani, na manowari za Bismarck zimetia nanga mbele ya kasri. Sultani wakati huo ni Barghash, kaka yake, yule ambaye Salme akiwa na miaka kumi na tano tu alimsaidia kuandika barua za njama ya uasi dhidi ya kaka mwengine, Majid. Barghash hakukubali kumuona. Lakini mitaani, anaandika, watu walimzunguka. Walimsalimia kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, walimfuata kila alikopita, walimwita bibi yao.

Wahakiki wengi huisoma sura hii kisiasa, na ni haki yao. Wajerumani walimtumia kumtisha Barghash, walipopata walichotaka wakamuacha, na madai yake ya urithi hayakufika popote. Yeye mwenyewe ana haja ya kutuonesha kwamba wananchi wanampenda, kwa hiyo idadi ya waliomzunguka tuipokee kwa tahadhari. Yote kweli. Lakini tazama jinsi sura ilivyoandikwa. Maneno yamerudi. Anatuambia nani alisema nini, amesimama wapi, nani alilia. Ile kalamu iliyokauka Aden inatiririka tena barabarani Unguja, miaka kumi na minane baada ya ndoa. Usomaji wangu ni huu: umati uliokosekana mwaka 1867 ndio aliokuwa akiutafuta kitabu kizima, na alipoupata ulikuwa umechelewa, na umezingirwa na mizinga. Kaka mwenye nyumba alibaki ndani, madirisha yamefungwa. Harusi gani hiyo ambayo jirani wote wamekuja na mwenye nyumba hakutoka?

Kitabu hiki, basi, nakipendekeza kwa vijana wenzangu wa visiwani, kwa sharti kwamba kisisomwe kwa kumeza. Kina chuki dhidi ya watu weusi ambayo hatuna sababu ya kuisamehe kwa sababu tu mwandishi alikuwa na majonzi. Na kina majonzi ambayo hatuna sababu ya kuyakataa kwa sababu tu mwandishi alikuwa na chuki. Tukiweza kuyashika yote mawili tutakuwa tumejifunza kusoma.

Vuli iliyopita dada alikuja na mwanawe wa miaka mitatu. Karafuu zilikuwa zimezaa vizuri, na usiku tulikaa ukumbini kuchambua, tumba huku, konyo kule, mikono imekuwa myeusi na nyumba nzima inanukia. Mtoto alilala juu ya jamvi. Mama alikuwa amekaa mkabala na dada, kichwa ameinamisha, vidole vinakwenda. Akauliza, bila kuinua macho:

"Siku ile mlikula nini?"

Hakuna aliyeuliza siku ipi. Dada alikaa kimya kidogo.

"Wali na kuku, mama. Tuliagiza mkahawani. Tulikuwa watu wanne."

"Pilau?"

"Wali mweupe."

Mama alitikisa kichwa, kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali. Akasukuma fungu la karafuu mbele ya dada, akaendelea kuchambua. Asubuhi yake alimtuma mtoto wa jirani dukani kununua bizari nzima.